Kulala mu muchanga njiani: kwa nini muto mukavu unaweza kuua usiku

Kila mwaka masika ikianza, barabara ya Uvira–Baraka–Fizi inatufundisha kulala njiani. Daraja limechukuliwa na maji, ao Fuso imezama mu matope katikati ya barabara, na magari yote inasimama, pande hii na pande ile. Watu wanashuka. Wamama wanatafuta kuni, vijana wanaenda kuoga, motari wanaangalia petroli gani imebaki mu tanki. Jua likizama, kila mutu anajiuliza swali moja: leo tunalala wapi?

Mara nyingi jibu linaonekana pale pale mbele ya macho: muchanga. Muchanga wa muto ni safi, ni laini, hauna majani ya kuficha nyoka, na maji ya kupikia iko karibu. Mutu anatandika mukeka wake, anaweka mufuko chini ya kichwa, anasinzia. Watu wengi wamelala hivyo na wakaamka salama. Lakini wako wenye hawakuamka. Katika makala hii tutaeleza sababu: muchanga ule unatoka wapi, kwa nini maji inaweza kuja usiku hata kama hakuna tone la mvua limeanguka pale munalala, na namna gani msafiri anaweza kuchagua fasi nzuri ya kupitisha usiku.

Usiku moja mbele ya kufika Mboko

Nianze na yangu. Miaka kadhaa imepita, nilikuwa natoka Uvira kurudi Baraka. Tulikuwa mu gari moja ya abiria, tumebanana na mizigo. Mbele ya kufika Mboko tukakuta muto moja umekata barabara. Maji ilikuwa imeisha kupunguka, lakini kulikuwa shimo kubwa na gari haikuweza kupita. Shofere akasema tungojee asubuhi, vijana wa kijiji watajaza mawe.

Mbingu ilikuwa safi, nyota zinaonekana zote. Tukashuka mu muto, upande wenye ulikuwa mukavu, tukatandika. Tulikuwa watu karibu kumi na tano, pamoja na mama moja na watoto wake wawili. Saa mbili ya usiku, muzee moja muvuvi akapita na toroshi yake akienda ku ziwa. Akasimama, akatuangalia, akauliza nani ametuonyesha kulala pale. Hakuna aliyejibu. Akasema: watoto wangu, hapa ni kitanda cha muto, si chenu, mwenyewe akirudi atawakuta.

Wengine wakacheka. Mimi pia nilikuwa muchoka, sikutaka kuhama. Yule mama ndiye aliamuka wa kwanza, akabeba watoto. Sisi wengine tukafuata kwa haya tu, tukapanda juu ku kingo, karibu na nyumba za watu. Kati ya saa saba na saa nane za usiku tukasikia sauti kama gari kubwa inashuka mulima. Haikuwa gari. Asubuhi, pale tulikuwa tumetandika kulikuwa maji ya rangi ya udongo, na shina la muti lenye watu wawili hawangeweza kubeba. Mvua haikunyesha pale hata kidogo usiku ule.

Tangu siku ile niliuliza watu wengi, nikasoma, ili nielewe. Ndiyo hii nawaletea.

Muchanga wetu unatoka mulimani

Tuanze na muchanga wenyewe. Muchanga ni mawe yaliyovunjika. Jua na mvua vinapasua mwamba pole pole, mizizi ya miti inausukuma, kisha maji inabeba vipande. Njiani vipande vinagongana, vinakuwa vidogo zaidi. Wataalamu wanaita muchanga kila chembe yenye upana chini ya milimita 2, lakini kubwa kuliko vumbi na tope. Chembe ndogo zaidi, ile ya tope, inaenda mbali ndani ya ziwa. Chembe nzito inabaki njiani, pale maji inapunguza mwendo.

Sasa tuangalie nchi yetu. Ziwa Tanganyika liko ku urefu wa mita karibu 770 juu ya bahari. Nyuma yetu kuna milima ya Itombwe, na kilele chake, mulima Mohi, kinapita mita 3,400. Kati ya kule juu na huku chini si mbali. Mito yetu, kama vile Mutambala na mingine mingi midogo yenye inakata barabara ya taifa namba 5, inashuka kwa kasi, imebeba mawe na muchanga. Ikifika kwenye uwanda mudogo kati ya mulima na ziwa, muteremuko unaisha, maji inachoka, inatua muzigo wake. Ndiyo maana kandokando ya barabara tunaona vitanda vipana vya muchanga na mawe, na katikati yake kiangazi kuna kijito tu chenye mutoto anaruka.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaona kijito kidogo na kitanda kikubwa, wanafikiri kwamba zamani muto ulikuwa mukubwa na sasa umekwisha. Hapana. Kitanda kile ni kipimo. Muto unatuonyesha wenyewe upana wake siku umejaa. Na pale unaona jiwe kubwa kama ngoma limekaa katikati ya muchanga, ujue si mutu aliyelileta pale. Ni maji. Meta moja ya kibe ya maji ina uzito wa kilo 1,000, ni kusema tani nzima. Fikiri meta mia kwa mia za kibe zikishuka pamoja, na tope na miti ndani yake.

Mbona sisi hatuna milima ya muchanga?

Vijana wengi huku wameona ku telefone picha za watu wanatembeza magari mu milima mikubwa ya muchanga, wanapiga hema juu yake, wanapanda kwa miguu asubuhi kuangalia jua linatoka. Wanauliza: sisi tuko na muchanga toka Uvira mpaka Ubwari, mbona wetu haujengi milima?

Jibu ni kwamba ile milima inajengwa na upepo, si na maji. Inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: muchanga mukavu mwingi, upepo wenye nguvu unaovuma mara nyingi kutoka upande moja, na fasi wazi isiyo na majani mengi. Upepo ukifikia kama kilometa 20 kwa saa, chembe za muchanga zinaanza kuruka ruka. Kila chembe ikianguka inagonga zingine, nazo zinaruka. Zinapanda upande wa upepo pole pole, zikifika juu zinamwagika upande wa pili. Upande ule wa kumwagika unakuwa na muteremuko mukali, kama digrii 30 mpaka 34, sababu muchanga mukavu hauwezi kusimama wima zaidi ya pale. Ndivyo mulima muzima unahama, chembe kwa chembe.

Huku kwetu muchanga unalowa miezi mingi, mvua inaanza Septemba ao Oktoba mpaka Mei. Majani yanaota haraka na kushika udongo. Na pwani yetu ni nyembamba, mulima uko pale pale nyuma. Upepo unakosa fasi ya kufanya kazi.

Lakini si lazima kwenda mbali sana kuona. Jirani zetu Tanzania, karibu na Olduvai mu eneo la Ngorongoro, kuna mulima moja wa muchanga mweusi wenye umbo la mwezi muchanga, pembe zake zinaelekea upande wenye upepo unaenda. Muchanga wake ni majivu ya volkano Ol Doinyo Lengai. Urefu wake ni kama mita 9 kwenda juu, na unahama kama mita 17 kila mwaka. Wameweka nguzo ndogo kuonyesha pale ulikuwa miaka ya nyuma. Kenya, ku kisiwa cha Lamu, kuna vilima vya muchanga vya Shela. Vile vinasaidia watu kunywa: mvua inaingia ndani ya muchanga, inabaki chini yake, na visima vinavyopatia muji wa Lamu maji vinategemea akiba hiyo. Na Oman kuna Sharqiya, jangwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 12,000, na milima ya muchanga inayofika mita 100. Kule Oman wako watu wengi wanaosema Kiswahili kama sisi, sababu wazee wao waliishi Zanzibar, Tanzania bara, Burundi na hata huku Kongo.

Watu wa jangwa wanaogopa maji

Sasa sikiliza jambo lenye lilinishangaza. Mutu wa kusafiri mu jangwa, pamoja na kuogopa kiu, anaogopa pia mafuriko. Kati ya milima ya Oman kunapita mito mikavu. Waarabu wanaiita wadi. Mwaka muzima unaweza kuona muchanga na mawe tu. Fasi inapendeza, kuna kivuli, kuna miti. Lakini mvua ikinyesha mbali mulimani, wadi inajaa kwa dakika chache.

Tarehe 14 Aprili 2024, mvua kubwa ilinyesha Oman. Kule Samad al-Shan, mu jimbo lile lile la Sharqiya Kaskazini, gari lililobeba wanafunzi lilichukuliwa na maji ya wadi, na watoto kadhaa wakafa. Kwa jumla mvua ya siku zile iliua watu karibu 20 nchini. Na Oman ni nchi yenye barabara nzuri, na habari ya hali ya hewa inafika mu telefone za watu.

Ndiyo maana watu waliozoea kulala mu jangwa wako na sheria yao ya kwanza: kamwe usilale mu wadi. Wanapiga hema juu, pa wazi, hata kama upepo unasumbua. Pia hawalali chini ya upande ule mukali wa mulima wa muchanga, sababu unaweza kumwagika. Ni sheria zile zile za yule muzee muvuvi, hata kama hakuwahi kuona jangwa.

Maji inakuja usiku na mbingu ni safi

Watu wengi wanaamini kwamba kama hapa hakunyeshi, muto hautajaa. Tuone kwa nini si hivyo.

Mchana, jua linapasha moto ziwa na uwanda. Hewa yenye unyevu inapanda ku mulima. Ikifika juu inapoa, inakuwa mawingu, na mangaribi ao usiku mvua inaanguka kule juu. Sisi huku chini tunaona labda radi inawaka mbali nyuma ya mulima, bila kusikia ngurumo. Maji ya mvua ile inakusanyika toka vijito vingi, vyote vinaingia mu muto moja. Inachukua saa moja, mbili, tatu ao zaidi kufika barabarani, kulingana na urefu wa muto. Kwa hiyo mvua ya saa mbili ya usiku kule Itombwe inaweza kukukuta saa saba umelala fofofo.

Kuna jambo lingine linaongeza hatari. Pale miti imekatwa kwa makala na mashamba mu miteremuko, maji haipati wa kuishika, inashuka yote mara moja, pamoja na udongo. Na wakati mwingine mulima unaporomoka ndani ya muto, unafunga maji kwa muda. Muto unapunguka ghafla. Watu wanafurahi, wanasema umekauka. Kisha kizuizi kinapasuka.

Sisi watu wa Kivu ya Kusini hatuhitaji kuhadisiwa haya. Usiku wa tarehe 16 kuamukia 17 Aprili 2020, muto Mulongwe ulifurika mu muji wa Uvira, ukaua makumi ya watu, ukabomoa nyumba nyingi sana na madaraja. Mwezi wa Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi mu teritware ya Kalehe zilifunikwa na maji, mawe na tope. Zaidi ya watu 400 walikufa. Na sisi wenyewe Fizi, usiku wa tarehe 8 kuamukia 9 Mei 2025, muto ulifurika katika kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, kandokando ya ziwa. Kwanza wakubwa walitaja watu 62 waliokufa, kisha hesabu ikapita 100. Wengi walikuwa watoto na wazee, sababu hao ndio hawawezi kukimbia giza.

Watu wa Kasaba walikuwa wamelala ndani ya nyumba zao. Kama nyumba inaweza kuchukuliwa, mukeka mu muchanga utafanya nini?

Alama zenye zinaonyesha muto unakuja

Muto hautumi barua, lakini uko na alama. Wavuvi na wenye kuchota muchanga wanazijua. Hizi ndizo za maana:

Ya kwanza, rangi. Maji ilikuwa safi, sasa imeanza kuwa ya udongo. Hata kama haijaongezeka, tayari juu kumenyesha.

Ya pili, takataka. Majani mabichi, matawi, povu, ndizi zilizong'oka vinaanza kupita.

Ya tatu, sauti. Mawe yanayogongana chini ya maji yanatoa ngurumo ya chini, kama gari kubwa mbali. Ukiisha kuisikia hauna muda wa kukunja mukeka. Acha vyote, panda.

Ya ine, maji kupunguka ghafla bila sababu, wakati ni masika. Usifurahi. Toka ndani.

Ya tano, radi nyuma ya mulima mangaribi. Usiku ule usilale chini, hata kama unaona nyota.

Na kumbuka kukimbia ni kwenda juu ya kingo, upande. Wako watu wanakimbia kufuata muto kuelekea ziwa. Maji inakushinda mbio.

Namna ya kuchagua fasi ya kulala

Kama gari limekwama na usiku unakaribia, fanya kazi hii mbele ya giza, saa kumi na moja ao mbele yake, si saa mbili.

Angalia kingo za muto na miti ya pembeni. Utaona majani makavu, vijiti na mabaki ya mifuko yamenasa ku matawi. Ile ni alama ya maji ya mwisho. Lala juu ya alama ile, tena juu sana, na mbali kidogo. Kingo yenyewe inaweza kuanguka, kwa hiyo usitandike pembeni kabisa.

Uliza wenyeji. Huku kwetu mugeni hafukuzwi. Jijulishe kwa mukubwa wa kijiji ao ku kanisa ao ku musikiti, omba kulala ku baraza ao mu kiwanja cha shule. Hiyo inasaidia pia kwa usalama. Katika eneo letu lenye vita vimepita na vinaendelea kupita, kundi la watu wasiojulikana wanalala pembeni ya barabara linaweza kuogopesha wenyeji na kuvuta watu wabaya. Mutu aliyejijulisha ana mwenyeji wa kumusemea.

Usilale pale muto unaingia mu ziwa. Pale kuna muchanga muzuri sana, lakini ndipo kiboko anapanda usiku kula majani, na mamba anangojea samaki. Kiboko hakutafuti wewe, lakini ukimuzibia njia yake ya kurudi mu maji atakukanyaga. Ukiona njia pana imekanyagwa toka ziwa mpaka majani, hiyo ni barabara yake. Muachie.

Ku pwani ya ziwa lenyewe, ingia ndani kidogo. Upepo wa usiku unaweza kuleta mawimbi makubwa. Na tumeona sote toka 2020, na tena 2024, namna ziwa lilipanda likamiza nyumba na barabara Kalundu na fasi zingine. Pwani ya jana si pwani ya leo.

Kuwa na chandarua. Musafiri wengi wanabeba simu mbili na hawana chandarua. Mbu wa ziwa hawajali kwamba uko safarini. Kijiti ine na kamba zinatosha kukitundika. Bashi ya plastiki chini inazuia unyevu, sababu muchanga unapoa haraka usiku na unavuta joto ya mwili.

Na muachagane zamu. Mukiwa kumi, kila moja akikaa macho saa moja, usiku umeisha. Mwenye zamu anasikiliza muto na kuangalia rangi ya maji kwa toroshi. Hiyo peke yake ingeokoa watu wengi.

Kutembea mu muchanga na kuvuka maji

Wengine hawalali, wanaamua kuendelea kwa miguu. Ujue kwamba kutembea mu muchanga laini kunakula nguvu zaidi ya mara mbili kuliko ku udongo mugumu. Kilometa tano zinakuwa kama kumi. Tembea asubuhi mapema ao mangaribi, fuata muchanga wenye kulowa kidogo karibu na maji, ni mugumu zaidi. Mwenye muzigo apige hatua fupi. Watu wanaopanda milima mikubwa ya Namibia, kama ile ya Sossusvlei yenye inapita mita 300, wanaanza mbele ya jua na wanapita juu ya mugongo wa mulima, hawapandi uso kwa uso. Hata sisi tukipanda kingo la muchanga, tupande kwa upande.

Motari wanajua kwamba tairi yenye upepo mwingi inazama. Wenye kutembeza magari mu jangwa wanapunguza upepo ili tairi ikae pana, kisha wanauongeza wakifika barabara ngumu. Lakini hiyo ni kwa mwenye pompi. Bila pompi utaharibu tairi ku mawe.

Kuhusu kuvuka: maji ya mwendo wa kasi yenye kufika sentimeta 15 tu inaweza kuangusha mutu muzima. Sentimeta 30 inaanza kuinua gari ndogo. Sentimeta 60 inabeba karibu kila gari. Na chini ya maji ya udongo hauoni shimo. Pale watu wamechimba muchanga wa kujengea kunabaki mashimo yenye urefu wa mutu. Maji ikiyafunika, hakuna anayejua. Kwa hiyo usivuke kwa sababu wengine wamevuka jana. Kama lazima, ngojea maji ishuke, pita pale maji ni pana na chache, shika fimbo upande wenye maji inatoka, fungua mikanda ya mufuko ili uweze kuuacha. Mutoto asivuke kwa miguu yake. Na usiku, usivuke kabisa. Mara nyingi muto wetu unaojaa kwa saa chache unapunguka pia kwa saa chache. Ulioonekana kama bahari saa saba, asubuhi unaweza kupita.

Maji ya kunywa

Jambo la mwisho linaua pole pole, lakini linaua wengi. Watu mia wamekwama siku mbili pembeni ya muto moja. Wanakunywa pale, wanaoga pale, wanajisaidia mu muchanga pale, sababu muchanga unafunika haraka. Mvua ikija, yote inaingia mu maji. Uvira, Fizi na Kalemie ni fasi zenye kipindupindu kimezoea tangu miaka mingi.

Chemsha maji mpaka itokote, ao weka dawa ya klore. Shimo la choo lichimbwe mbali na maji, juu ya kingo, na mulifunike. Nawa mikono na sabuni ao majivu mbele ya kula ndakala wako. Mutu akianza kuhara maji maji, musingojee gari. Mupeni maji yenye chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anakunywa kidogo kidogo wakati munamupeleka ku kituo cha afya cha karibu.

Tunaweza kufanya nini sisi wenyeji

Wenye vijiji kando ya barabara wanajua mito yao kuliko mutu yeyote. Kitu moja rahisi kinaweza kusaidia: kupiga rangi ku jiwe kubwa ao ku muti, kuonyesha pale maji ilifika mwaka ule ilijaa sana. Mugeni akiona alama ile juu ya kichwa chake, atahama bila kuambiwa. Kitu kingine ni simu. Kijiji cha juu kikipata mvua kubwa, mutu moja apigie simu wa chini. Pale mutandao unafika, dakika ile moja inaweza kuwa usiku muzima wa watu kumi na tano.

Na kwa wewe msafiri: kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, muchanga wetu ni fasi nzuri. Mito imelala, mbingu ni safi, na kulala nje kando ya ziwa, mbali na njia ya kiboko, ni raha yenye haina bei. Siku amani itakaa, tunaamini wageni watatoka mbali kuja kuona Ubwari na milima yetu, kama wanavyoenda Lamu na Ngorongoro. Watatuuliza tulale wapi. Ni vizuri sisi wenyewe tuwe tunajua jibu.

Yule mama wa Mboko sijamuona tena. Watoto wake leo wamekua. Muzee muvuvi naye, asubuhi ile, tulimukuta ku pwani anakunja nyavu. Tulienda kumushukuru, tukamukuta na swali moja tu: munaenda Baraka? Basi musalimie watu wa kule, na muwaambie.